Swala Aliyenenepa

Kampuni ya General Motors ilipotafuta jina la gari lake la maonyesho la mwaka 1956, ililichukua kwetu, au tuseme jirani na kwetu. Impala ni neno la Kizulu, na mnyama mwenyewe ndiye huyu swala pala aliyejaa Mikumi na Serengeti. Yeyote aliyemwona akishtuka anajua kwa nini jina lilipendeza. Kiumbe cha kilo hamsini au sitini huruka juu meta tatu, akatua mbali, akaruka tena kana kwamba ardhi inamchoma miguu. Miaka miwili baadaye jina hilo lilibandikwa kwenye Chevrolet ya kuuzwa kwa umma, gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Palikuwa na uongo mdogo, basi, tangu siku ya ubatizo.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya Impala na ndugu yake Caprice. Karibu yote huhesabu mapezi, silinda na nguvu za farasi, kisha hulia kidogo juu ya mambo yalivyokuwa zamani. Mimi naona waandishi hao wanalisoma gari hili kwa upande usio wake. Kilichouzwa chini ya jina lile, tangu 1958 hadi 2020, kilikuwa kuonekana: nani aonekane na nani apite bila kutazamwa. Ukilitazama hivyo, miaka ya fahari na miaka ya aibu hubadilishana nafasi.

Lazima kwanza tuielewe ngazi. Katika miaka ya 1920 Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, aliyapanga magari ya kampuni kama vidato: chini Chevrolet, halafu Pontiac, Oldsmobile, Buick, na juu kabisa Cadillac. Mtu huanza maisha na Chevrolet. Akipata cheo, anapanda kidato. Na jirani wote wanajua amefika wapi kwa kutazama kilichoegeshwa mbele ya nyumba. Mwambao wetu wa zamani ulikuwa na utaratibu wake wa namna hiyo, wa joho na kilemba na viatu, nani avae na nani asithubutu. Sasa Impala ya 1958 ilikuwa Chevrolet iliyovaa joho. Taa za nyuma zilikuwa sita, tatu kila upande, ili hata anayeifuata usiku ajue kwamba aliye mbele yake hakununua Chevrolet ya bei ya chini. Ilikuwa na kromu kila mahali na paa la chini kama la gari la starehe. Na bei yake ya kuanzia ilikuwa chini ya dola 3,000. Fundi wa kiwandani aliweza kuilipa kwa mafungu na akafanana, kwa mbali, na bwana wake.

Sidharau jambo hilo. Watu wanaocheka tamaa ya maskini ya kupendeza mara nyingi wana nguo za kutosha kabatini.

Ulipofika mwaka 1959, joho likaota mabawa. Chanzo chake kilikuwa hofu. Chuck Jordan, ambaye baadaye aliongoza ubunifu wa General Motors, alisimulia jinsi mwaka 1956 alivyopita karibu na kiwanda cha Chrysler akayaona nyuma ya uzio magari yao ya 1957, membamba, yenye mapezi marefu ya mkia, na akarudi kuwaita wenzake wakaone. Harley Earl, mkuu wa ubunifu tangu miaka ya 1920, alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Umbo la 1958, lililotumika mwaka mmoja tu, likatupwa. Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick na Cadillac zikalazimishwa kushiriki bodi moja ya msingi, kila moja ikavishwa vyake. Ya Chevrolet ndiyo iliyotoka ya ajabu kuliko zote: mapezi yaliyolala kama mabawa ya popo, na chini yake taa mbili ndefu kama macho ya paka.

Picha ya Impala ya 1959 imechapwa kwenye fulana na kalenda na kuta za hoteli duniani kote, na kila mara imepigwa kwa nyuma. Nenda mbele uitazame. Uso wake ni wa kawaida, hata wa kuduwaa. Gari zima limebuniwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupitwa, yule jirani aliyebaki kandokando ya barabara. Abiria wa ndani hapati faida yoyote ya mabawa yale, hayaoni hata.

Na alilipia zaidi ya fedha. Chevrolet kubwa za 1958 hadi 1964 zilisimama juu ya fremu yenye umbo la herufi X, isiyo na mihimili mikubwa pembeni. Sababu moja ni kwamba fremu hiyo iliruhusu sakafu ishuke, na sakafu ikishuka gari zima huonekana limelala chini, ndio urembo wa siku zile. Aliyegongwa ubavuni alikuwa na mlango tu kati yake na aliyemgonga. Mwaka 2009 taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayoshughulikia usalama barabarani, Insurance Institute for Highway Safety, ilitimiza miaka hamsini, na ikasherehekea kwa kugonganisha uso kwa uso, nusu kwa nusu, Chevrolet Bel Air ya 1959, dada wa Impala mwenye mwili uleule, na Chevrolet Malibu ya 2009. Wengi waliamini chuma kile cha zamani kingelikunja gari jipya kama kopo. Filamu inaonyesha kinyume. Chumba cha dereva wa Bel Air kilibomoka juu ya sanamu iliyoketi kwenye usukani, na wataalamu wakasema binadamu angekufa. Wa Malibu angetoka na jeraha la mguu. Tangu niione filamu ile siwezi tena kuyasikia maneno "magari ya zamani yalikuwa na chuma" bila kuona kiti kile.

Bill Mitchell aliyemrithi Earl alikuwa na jicho kali zaidi na mkono wenye kiasi. Mapezi yalipunguzwa mwaka 1960, yakatoweka 1961, na kufikia 1963 na 1964 Impala ilikuwa na mistari iliyonyooka kama kanzu iliyopigwa pasi na mtu anayejua. Nitazirudia hizi, maana zilipata wapenzi ambao kampuni haikuwatazamia.

Mwaka wa modeli 1965 ziliuzwa Impala zaidi ya milioni moja nchini Marekani, idadi ambayo waandishi wa historia ya magari hupenda kuitaja kama kilele. Kilele kilikuwa kweli, lakini tazama yaliyofuata. Mwaka uleule Ford walitoa LTD, gari la bei ya watu wa kawaida, wakatangaza kwamba ndani yake ni kimya kuliko Rolls-Royce. Chevrolet wakajibu kwa Caprice, ambayo mwanzoni ilikuwa Impala yenye viti vizuri zaidi, na 1966 ikawa gari kamili lenye jina lake. Hapo ngazi ya Sloan ilianza kuoza kutoka chini. Ikiwa Chevrolet inaweza kuwa na velveti na ukimya wa Cadillac, Pontiac na Oldsmobile ni za nani? Jibu lilichukua miaka mingi kutoka: Oldsmobile ilifungwa 2004, Pontiac ilifikia mwisho 2010. Sisemi Caprice peke yake iliziua. Nasema mbegu ilipandwa pale, na waliopanda walidhani wanapalilia.

Ndani ya Chevrolet yenyewe mambo yalikuwa hivyohivyo. Bel Air ilikuwa ya juu hadi Impala ilipowekwa juu yake, ikawa gari la bei nafuu. Impala ilikuwa ya juu hadi ilipowekewa Caprice kichwani, nayo ikaanza safari ileile ya kushuka. Heshima ya jina ilitumiwa kama akiba ya benki ambayo kila mtu anatoa na hakuna anayeweka.

Mwezi Desemba 1971 kampuni iliita tena Chevrolet zaidi ya milioni sita za miaka ya sitini, zikiwemo zile zilizovunja rekodi ya mauzo, kwa sababu raba zinazoshikilia injini ziliweza kukatika, injini ikanyanyuka na kuvuta waya wa mafuta, gari likaondoka kasi bila kuombwa. Dawa iliyotolewa ilikuwa kipande cha waya mnene cha kuifunga injini isinyanyuke. Magari milioni sita, na tiba ni kamba! Fundi wa Gerezani angekuwa na fahari zaidi ya hiyo.

Miaka ya 1971 hadi 1976 sitakaa nayo sana. Swala alinenepa mpaka akasahau kukimbia. Caprice ya 1976 ilizidi meta 5.6 kwa urefu, yaani ilikuwa ndefu kuliko Hiace nyingi za kubebea abiria kumi na watano, na yenyewe ilikaa watu sita. Nchi za Kiarabu zilikuwa zimekata mafuta Oktoba 1973, foleni za petroli zilikuwa zimekwisha kuonekana kwenye televisheni, na magari yale bado yalitoka kiwandani kwa sababu chuma kilichokwisha kuchorwa hakigeuzwi kwa mwaka mmoja.

Kisha likaja gari la 1977, na hapa ningependa msomaji atulie nami, kwa kuwa ndilo gari bora la ukoo mzima na hakuna anayelitundika ukutani.

General Motors waliamua jambo ambalo kampuni kubwa huamua mara chache, nalo ni kukipunguza kitu kinachouzwa sana. Walikata sentimeta 25 hivi za urefu na zaidi ya kilo 250 za uzito. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukawa sawa na wa Chevelle ya milango minne, gari la kampuni hiyohiyo lililoitwa la kati. Ford walikaa na LTD yao kubwa hadi walipolazimika kupunguza kwa mwaka wa modeli 1979, na hadi hapo walijisifu kwamba wao bado wanauza gari kamili. Lakini fungua mlango wa Caprice ya 1977. Paa limenyanyuliwa, miguu ya nyuma ina nafasi zaidi kuliko ya gari lililotangulia, buti ni kubwa kidogo kuliko la awali. Dereva anaona pembe zote nne. Waligundua kwamba kile walichokuwa wakiuza kama ukubwa kilikuwa chuma kilichoning'inia mbele na nyuma ya magurudumu, kisicho na kazi ila kuonekana. Walikikata, na aliyenufaika safari hii alikuwa aliye ndani.

Jarida la Motor Trend liliitangaza kuwa gari la mwaka, na watu waliinunua kwa wingi. Kampuni iliyopata onyo la mafuta, na sheria ya 1975 iliyoweka vipimo vya matumizi ya petroli, ilikuwa imefanya kazi safi. Nashangaa jinsi kazi hiyo inavyopewa mstari mmoja au miwili vitabuni, kana kwamba kubuni ni kuongeza tu, na kupunguza ni uhasibu.

Manufaa nayo yana bei yake. Gari lile liliendelea bila mabadiliko makubwa hadi 1990. Jina la Impala lilikufa kimya mwaka 1985, likiwa limebaki la magari ya serikali na madereva wa teksi, na Caprice ikaendelea peke yake kwa kazi zilezile. Niliwahi kupanda moja, teksi ya Washington iliyokuwa imechoka. Dereva, Mhabeshi mpole mwenye kofia ya sufu, aliniambia ameshabadilisha kila kitu ndani yake isipokuwa jina. Nilinyoosha miguu yote miwili. Springi zilipokea mashimo ya barabara kama godoro. Nje ya dirisha nilihesabu nyingine tano au sita, za teksi na za polisi, na nikagundua kwamba nilikuwa nimezipita siku nzima nisizione.

Kutoonekana huko kulikuja kuwa na matumizi ya kutisha. Oktoba 2002 watu kumi waliuawa kwa risasi katika eneo la Washington, mmoja hapa, mmoja pale, wakijaza mafuta au wakitoka dukani. Polisi walikuwa wakisaka gari jeupe la mizigo. Wauaji walikuwa ndani ya Caprice ya 1990, iliyowahi kuwa ya polisi, na mpigaji alilala ndani ya buti lile pana lililokuwa limetobolewa tundu. Gari hilo lilikutana na polisi zaidi ya mara moja katika siku zile, likaachwa liende. Ukoo ulioanza kwa taa sita za nyuma ili utazamwe ulikuwa umefika mahali ambapo jicho linaupita.

Wakati huohuo, upande wa pili wa nchi, Impala kuukuu zilikuwa zimepata wenyewe. Wamarekani wenye asili ya Meksiko wa Los Angeles Mashariki walikuwa wakinunua Chevrolet zilizotumika, kwa sababu ileile inayotufanya sisi tununue Toyota zilizotumika, kwamba jipya ni la mwingine. Walizishusha hadi zikagusa lami karibu. Sheria ya California iliyoanza 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa rimu, na ndipo vijana wakafunga pampu na mitungi ya haidroliki, ya asili ya ndege mara nyingi, ili gari lilale wapendapo na liinuke polisi akitokea. Impala ya 1964 ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Jesse Valadez na klabu yake ya Imperials waliifanya moja kuwa "Gypsy Rose", rangi ya waridi, imechorwa maua ya waridi kwa mamia tangu boneti hadi mkia, na ndani imewekewa taa za kuning'inia kama sebule ya harusi. Mwaka 2017 iliwekwa ndani ya sanduku la kioo katikati ya Washington, kwenye uwanja wa makumbusho ya taifa.

Baadhi ya wakosoaji husema magari hayo yameharibiwa. Mimi nasema ndio ukosoaji wa kwanza wa maana uliofanyiwa Impala. Watu ambao mji ulijitahidi usiwaone walichukua kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kuonekana, wakakisoma sawasawa, wakakipeleka hadi mwisho wa hoja yake. Nao waliendesha polepole. Hilo peke yake ni maelezo mazuri: gari lililojengwa kwa lita 6.7 za injini, likienda mwendo wa mtu anayesalimia.

Kampuni haikuielewa sifa hiyo ilikotoka. Caprice ya 1991 ilifunikwa bodi ya mviringo juu ya mifupa ileile ya 1977, matao ya magurudumu ya nyuma yamefunikwa nusu, na watu wakaiita nyangumi. Mwaka 1994 wakaipaka rangi nyeusi, wakaondoa kromu, wakaifunga injini ya nguvu za farasi 260 na vifaa vya magari ya polisi, wakaiandika Impala SS. Ilipendeza, nakubali, na ziliuzwa karibu elfu sabini kwa miaka mitatu. Desemba 1996 kiwanda cha Arlington, Texas, kiliacha kuzitengeneza ili kitengeneze magari marefu ya familia yenye chasisi ya lori, ambayo faida yake ilikuwa kubwa zaidi. Yaani Wamarekani hawakuchoka ukubwa. Waliuhamisha juu.

Walionyimwa zaidi, nadhani, ni watu wa Ghuba. Caprice ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya maisha ya huko, na waliotoka Unguja kwenda Muscat wanaikumbuka barabarani. General Motors waliwapa mbadala tangu 1999, Caprice iliyotengenezwa Australia na Holden, na ilikuwa gari zuri kuliko ilivyohitajika kuwa, hadi kiwanda cha Elizabeth kilipofungwa Oktoba 2017.

Huko Marekani jina la Impala lilifufuliwa kwa modeli ya 2000, likabandikwa kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, lisilo na kosa na lisilo na sura, ambalo mara nyingi ulilikuta kwenye maegesho ya kampuni za kukodisha. Lakini la 2014 lilikuwa jambo jingine. Mwaka 2013 Consumer Reports, jarida la watumiaji lisilochukua matangazo, lililiweka juu ya saluni zote lilizopima, nafasi ambayo gari la Kimarekani halikuwa limeishika kwa miaka ishirini. Pana, kimya, salama, la heshima: lile la 1977 lilikuwa limezaliwa upya. Wanunuzi walikuwa ghorofa ya juu, kwenye Tahoe. La mwisho lilitoka kiwanda cha Detroit-Hamtramck Februari 2020, na katika mwaka uleule ukamalizika mchezo wa televisheni wa Supernatural, ambao kwa miaka kumi na mitano ulikuwa umewafundisha vijana kupenda Impala nyeusi ya 1967.

Huko California sheria ya kushusha magari ilifutwa, na tangu tarehe 1 Januari 2024 miji hairuhusiwi tena kuwakataza watu kuzunguka polepole na magari yaliyolala. Impala za 1964 zinapita Whittier Boulevard jioni za mwisho wa juma, fremu zake za X zimeimarishwa kwa vyuma vilivyochomelewa na wenyewe, mahali palepale ambapo kiwanda hakikuweka.